Saa za Gharika na Ujira wa Mtumishi wa Umma

Mwezi wa Januari 2014, mito iteremkayo kutoka milima ya Ukaguru ilipojaa ghafula na kulifunika bonde la Wami, ikazighariki nyumba za Magole na Dumila wilayani Kilosa pamoja na vijiji vya jirani upande wa Dakawa wilayani Mvomero, na barabara kuu iendayo Dodoma ikakatika penye daraja, watu waliokuja kuokoa, kuziba na kulisha hawakuwa wa namna moja wala hawakuwa chini ya sheria moja. Walikuwamo askari, mafundi wa barabara, waganga na wauguzi, maofisa wa halmashauri, watendaji wa kata na vijiji, na raia waliojitolea tu. Tope walilolikanyaga lilikuwa moja, na aghalabu usiku walioukesha ulikuwa mmoja. Ila mbele ya sheria saa zao hazikuwa na thamani moja, na wengine hawakuwa na saa za kuhesabiwa kabisa.

Jambo hili lastahili kuelezwa kwa utulivu wakati mto umelala, kwa sababu Dakawa si mahali pa kutumaini kwamba mto utalala daima. Mashamba ya mpunga ya pale, yaliyokuwa zamani ya shirika la NAFCO na sasa yalimwa na ushirika wa wakulima wadogo, hekta zipatazo 2,000, yapo pale yalipo kwa sababu maji ya Wami yapo karibu ya kuvutwa kwa mashine. Na ardhi iliyo tambarare kiasi cha kutuliza maji ya mpunga ndiyo hiyo hiyo isiyo na mahali pa kuyatoa yakizidi. Kaskazini Nguu, magharibi Ukaguru, kusini Uluguru: mvua inyeshayo katika milima hiyo yashukia mabondeni. Basi mtumishi apangiwaye kazi katika bonde hili ajue kuwa siku moja atakesha, na mwajiri wake ajue kuwa siku moja atadaiwa.

Sheria iliyo msingi wa haya ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo kwa Tanzania Bara humhusu mtumishi wa serikali kama imhusuvyo mfanyakazi wa kiwandani. Iliowatoa ni wanne: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, hao wana taratibu zao, na askari aliyebeba magunia usiku kucha hana ovataimu ya kudai kwa sheria hii. Kadhalika mkuu wa idara asimamiaye wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo katika hesabu ya saa, maana sheria imemchukulia kuwa mshahara wake umekwisha kulipa usumbufu wake. Wa kujitolea, maadamu hana mkataba wa ajira, hana ujira. Ana shukrani, nazo hupungua tope likikauka.

Kwa waliobaki, kanuni ya siku za salama inajulikana: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa juma, siku zisizozidi 6, saa za ziada zisizidi 50 katika kila majuma manne, nazo ziwe kwa mapatano, na kwa vyovyote mtu asitumikishwe zaidi ya saa 12 kwa siku moja. Ofisi za serikali, zifunguazo saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri siku tano, zimo ndani ya mipaka hiyo kwa nafasi. Lakini mto haupatani na mtu, na watunga sheria walilijua hilo. Ndipo kifungu cha 17, katika kijifungu chake cha pili, kikasema kuwa mipaka fulani haitatumika kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa katika saa za kawaida. Mpaka wa saa 12 waondoka. Mpaka wa saa 50 na sharti la mapatano vyaondoka. Hata pumziko la chakula na mapumziko ya kila siku na ya kila juma huweza kuahirishwa.

Hapa ndipo wengi wapoteapo, wakubwa kwa wadogo. Nimesikia maofisa wenye elimu yao wakisema kwa yakini kwamba penye maafa hakuna saa za ziada, kila mtu ni mzalendo. Lakini ukikisoma kifungu hicho pole pole na kuyahesabu yaliyotajwa, utaona kwamba kilichoondolewa katika kifungu cha 19 ni kijifungu cha kwanza na cha tatu, yaani mipaka ya saa, ilhali kijifungu cha tano, kile kiamuruacho kwamba saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, hakikuguswa. Muradi wa sheria ni dhahiri: dharura yampa mwajiri idhini ya kuuchukua muda wa mtumishi bila kumwomba, haimpi idhini ya kuuchukua bure. Na maarifa haya si mageni duniani, kwa kuwa Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliruhusu mipaka ya saa ivukwe penye ajali na mambo yaliyo nje ya uwezo wa binadamu, ila kwa kadiri ya lazima tu.

Maneno hayo, kadiri ya lazima, yana maana kubwa katika kambi ya waathirika. Sheria yetu haikusema wakati wa maafa. Imesema kazi ya dharura isiyowezekana katika saa za kawaida. Kumtoa mtu juu ya paa ni kazi ya namna hiyo, na kuujaza mawe ukingo wa daraja ili magari ya Dodoma yapite ni kazi ya namna hiyo. Lakini mahema yakisha kusimama, na unga ukisha kuwasili ghalani, kuugawa huweza kupangwa kuanzia saa 1:30 asubuhi; na ofisa amwekaye karani wa ugawaji hadi saa nne za usiku katika juma la tatu, kwa hoja ya kwamba mafuriko hayajatangazwa kuwa yamekwisha, ameivuka idhini aliyopewa. Dharura huisha kazi kwa kazi, haiishi kwa hotuba.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani haki isiyoweza kuhesabiwa ni maneno matupu. Tuseme fundi ana mshahara wa msingi wa shilingi 585,000 kwa mwezi. Jedwali la sheria lataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili upatikane wa juma, kisha kwa saa za kawaida za juma, hapa tuzifanye 45. Inakuja takriban shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 4,500. Ikiwa saa hiyo yaangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri, huongezwa asilimia 5 ya usiku, nayo hupigwa juu ya kiwango cha ziada, si juu ya kile cha kawaida: shilingi 4,725. Na akitumikishwa katika siku yake ya mapumziko ya juma, kiwango kilichowekwa ni mara mbili.

Lakini mtumishi wa serikali akiifungua hati yake ya mshahara hataiona hesabu hii hata mara moja, kwa sababu serikalini kuna desturi nyingine, ya posho. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, na nyaraka zinazofuata, zina posho ya kazi za ziada, ambayo hulipwa kwa siku kwa kiwango maalumu. Mwaka 2022 viwango hivyo viliongezwa maradufu, cha chini kikawa shilingi 30,000 na cha juu 60,000. Posho ya namna hii ilibuniwa kwa ajili ya ofisi: wahasibu wabakiao jioni kutengeneza bajeti, makarani wa kuhamisha majalada. Kwa mtu abakiaye saa mbili au tatu ni malipo ya heri, tena yazidi hesabu ya sheria. Lakini mchukue fundi wetu aliyeongeza saa kumi baada ya saa zake za kazi, nusu yake usiku: hesabu ya sheria yampa zaidi ya shilingi 46,000, na posho ya chini yampa 30,000. Basi kadiri mtu ataabikavyo zaidi ndivyo posho impunguziavyo. Kwa maoni yangu, posho haiwezi kukishusha kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge. Nayo ilipwe kama sehemu ya deni, na kilichosalia kidaiwe.

Tena kuna posho ya kujikimu, ambayo hata walioko nje ya serikali huijua, maana ndiyo inayosemwa vibandani. Hii si ujira. Ni fedha ya malazi na chakula kwa aliye nje ya kituo chake cha kazi. Lakini tazama matokeo yake bondeni. Ofisa atokaye makao makuu Dodoma alipwa kwa kila usiku, hata kama kazi yake ni kukagua na kuandika taarifa. Dereva wa mkoa arudiye Morogoro mjini kila usiku halali nje, basi hapati ya kulala. Na mtendaji wa kijiji, ambaye nyumba yake mwenyewe imo majini na watoto wake wamo katika hema la pili, yeye hakuhama kituo: kituo ndicho kilichohamiwa na maji. Huyo ndiye aliyeandika majina ya kaya zote katika daftari la shule lililolowa pembe, baba, mama, watoto, magodoro yaliyopotea, ili mahema na unga vigawiwe kwa haki. Na katika daftari hilo lote hamna mstari mmoja wa saa zake yeye.

Nasema kwa kituo kwamba kasoro yetu kubwa haimo katika sheria, imo katika daftari hilo. Kwa kulinganisha, serikali kuu ya Marekani, kupitia shirika lake la maafa liitwalo FEMA, huzirejeshea serikali za majimbo na miji sehemu kubwa ya gharama za saa za ziada za watumishi wao wa kudumu katika kazi za dharura, wala kwa kawaida hairejeshi mshahara wao wa saa za kawaida. Sikusudii kuisifu, maana taratibu zake zina makaratasi ya kuchosha. Lakini imewafunza makarani wa miji ile kuandika saa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa pasipo saa zilizoandikwa fedha hairudi. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa hadi kijiji, nalo ni jambo jema, seuze ikiwa kamati hizo zingekuwa na mwandishi wa saa kama zilivyo na mwandishi wa kumbukumbu. Tazama faida ya kuandika: Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipowaka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100, wauguzi wa hospitali ya mkoa wa Morogoro waliokuwa mapumzikoni waliitwa kazini Idi ikikaribia. Hospitali ina orodha ya zamu na kitabu cha kupokezana, basi aliyeingia ana pa kuonyesha kuwa aliingia. Ukingoni mwa mto Mkundi, kule bondeni, hapana kitabu cha zamu.

Dai lisilo na maandishi hufa masijala. Dokezo huandikwa majuma kadhaa baadaye, mweka hazina huuliza ushahidi, afisa utumishi huuliza kibali, na fungu la mwaka huwa limekwisha kufungwa tarehe 30 Juni. Mgogoro wa malipo hupasa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 60, walakini tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma sharti kwanza amalize njia za ndani za utumishi wenyewe. Na atakayesubiri huruma badala ya kuandika ataikuta milango yote miwili imefungwa. Vyama vya wafanyakazi kama TUGHE na TALGWU, vyenye haki ya kupatana na mwajiri, vingefanya vema kuyaingiza mambo haya katika mkataba wa hali bora kabla ya masika. Kamati ya maafa ya wilaya, siku ile ile inapochagua mtu wa mahema na mtu wa chakula, ichague na mtu wa saa: aandike jina, kazi iliyofanywa, saa ya kuanza, saa ya kuacha, sahihi ya mtumishi na ya msimamizi, na kila Ijumaa nakala moja ipande gari la unga lirudilo mjini, ikafike mikononi mwa mweka hazina wa halmashauri.