Je, Buibui wa Crossland ni Spishi Moja?

Maji ya bamvua yakipwa pale Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga, mwamba hubaki wazi hadi mbali, na wachokoa pweza hukagua tundu baada ya tundu. Matundu ya aina hiyo ndiyo makazi ya buibui wa jenasi ya Desis. Hakuangukia baharini kwa bahati mbaya. Huko ndiko kwao. Hutandika tundu kwa hariri yake na kuziba mlango, na maji yanapojaa hukaa humo akivuta hewa iliyobaki ndani. Usiku, maji yakitoka, naye hutoka kuwinda vidudu jamaa ya kamba, kwa mataya marefu yaliyochomoza mbele kama koleo.

Wa kwetu anaitwa Desis crosslandi. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Zanzibar na kwenye pwani ambayo leo ni ya Kenya. R. I. Pocock, mtaalamu wa makumbusho ya London, akampa buibui wa Zanzibar jina la mkusanyaji. Baadaye jina hilohilo likatumika hata kwa buibui wa Madagaska. Hapo ndipo ninapositasita.

Rangi na ukubwa havitoshi kutenganisha spishi za buibui. Rangi hufifia ndani ya spiriti, na ukubwa hufuata umri na chakula. Mtaalamu huangalia viungo vya uzazi: kwa dume, ncha zilizovimba za vipapasio viwili vilivyo mbele ya miguu; kwa jike, bamba dogo chini ya tumbo. Viungo hivyo hukamilika buibui anapojivua gamba mara ya mwisho, kwa hiyo kinda hatoi ushahidi. Maelezo mengi ya zama za Pocock ni mafupi mno kubeba kazi hiyo. Mwaka 2017 Barbara Baehr, Robert Raven na Danilo Harms walipomtangaza Desis bobmarleyi wa Queensland, Australia, walirudi pia kwa Desis vorax wa Samoa, aliyepewa jina mwaka 1872, wakamweleza upya. Buibui wetu anastahili uangalifu uleule.

Swali lenyewe ni la mikondo. Mkondo unaopita kaskazini mwa Madagaska hugonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha sehemu yake hupanda kaskazini kupita Zanzibar hadi Tanga. Buibui akisafiri juu ya gogo linaloelea, damu huchanganyika na jina moja linatosha. Asipotoka kwenye mwamba wake, kila pwani inaweza kuwa na spishi yake.

Tanga imeshaonja swali la namna hii. Samaki aina ya silikanti walionaswa katika nyavu za jarife hapa tangu miaka ya mwanzo ya 2000 walipimwa vinasaba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yakaonyesha kundi lililotengana na wenzao wa kusini na wa Komoro zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Hata hivyo, jina la spishi halikubadilika: Latimeria chalumnae.

Kwa buibui, kazi ianzie Unguja, pwani ilikotoka sampuli ya kwanza: dume na jike waliokomaa, wachorwe, wapimwe vinasaba, ndipo wawekwe kando ya wa Madagaska. Kisha watafiti waje Kigombe usiku wa bamvua, na taa, pamoja na mama mchokoa pweza anayejua kila tundu la mwamba ule.