Ruta ya akiba itumikayo kama daraja

Kuta nene za matofali hupunguza sana nguvu za mawimbi ya redio. Ruta iliyowekwa sebuleni yaweza kumtosha aliyeketi karibu nayo, huku mwanafunzi aandikaye tasnifu katika chumba cha nyuma, kwa kompyuta ya mezani isiyo na antena, akikosa intaneti kabisa. Ikiwa nyumbani mna ruta nyingine isiyotumika, yaweza kumfaa, mradi ibadilishiwe kazi.

Kazi hiyo yaelezwa na majina yenyewe. Ruta, ambayo wengine huiita kipanga njia, hutenga mitandao miwili na kuchagua njia kati yake. Daraja, au kilalo kama tusemavyo huku Katanga, haitengi: huunganisha ng'ambo mbili zikawa mtandao mmoja. Ruta ya pili ikiachwa na desturi zake za awali, kompyuta iliyo nyuma yake itakuwa katika mtandao wa pembeni, na huenda isiione printa ya sebuleni.

Kwanza, kompyuta iunganishwe kwa waya na ruta ya akiba peke yake, mipangilio ya zamani ifutwe, kisha ruta ipewe anwani isiyogongana na ile ya ruta kuu. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili yaweza kuwa 192.168.1.2. Huduma ya DHCP, yaani ugawaji wa anwani, izimwe katika hiyo ya pili. Hapa ndipo wengi hukwama: wagawaji wawili wasioshauriana waweza kuzipa mashine mbili anwani moja. Hatimaye huchaguliwa hali ya daraja, na jina la mtandao na neno la siri huandikwa sawasawa na yalivyo katika ruta kuu. Waya wa kompyuta uingizwe katika tundu la LAN, si la WAN.

Si kila ruta yakubali. Kanuni ya 802.11, iliyotolewa mwaka 1997, huipa pakiti ya kawaida anwani tatu: ya kituo, ya mashine iliyojiunga nacho, na ya mwisho wa safari au chanzo chake. Mashine iliyojificha nyuma ya daraja haina nafasi humo. Yahitaji anwani ya nne, na watengenezaji hawakuafikiana jinsi ya kuitumia. Ndiyo maana ruta mbili za aina moja huelewana upesi kuliko za aina mbalimbali. Programu za OpenWrt na DD-WRT husaidia, kwa vifaa vinavyozipokea.

Daraja iwekwe mahali ambapo mawimbi yangali na nguvu, si pale yanapokatika. Ikitakiwa pia irushe mawimbi kwa redio ile ile, mwendo hupungua karibu nusu. Kwa maoni yangu, penye uwezekano wa kutandaza waya kati ya vyumba, waya ni bora.

Na ruta kuukuu ijuayo ulinzi wa WEP tu, ambao udhaifu wake ulianikwa mwaka 2001, ibaki kabatini: kuitumia kungelazimu kulegeza ulinzi wa nyumba nzima.