KURA MOJA YA CHAKE CHAKE

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga wetu. Nami naongeza: kuna haba moja, kura moja tu, iliyolizuia Baraza zima lisipate wa kuliongoza. Kura hiyo ilipigwa Chake Chake, kisiwani Pemba, Januari 1961, Unguja na Pemba zikiwa bado chini ya himaya ya Mwingereza.

Viti vilivyogombewa vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu, chama cha jogoo, ikapata 9, na ZPPP ikapata 3. Hao watatu wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, sare kamili! Na kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi ilikipata kwa tofauti ya kura moja. Hebu fikiri, msomaji wangu: lau wafuasi wake wawili wangalichelewa njiani siku ile, Hizbu na wenziwe wangalikuwa 12 kwa 10, na serikali ingaliundwa.

Haikuundwa. Likaongezwa jimbo moja, vikawa viti 23, watu wakarejea vituoni Juni 1 mwaka ule ule. Siku hiyo mapanga yalitoka alani. Katika fujo zilizozuka Unguja waliuawa watu 68. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 10, na ZPPP vitatu vyake vikaungana na Hizbu. Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukaja Disemba 10, 1963, na mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, hata miezi miwili haijatimia.

Hayo ni ya hisabu, nayo yameandikwa sana. Mimi linaloniuma zaidi ni jambo lililotangulia risasi na mapanga. Baada ya uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, watu wa visiwa vile waliokuwa wakila sinia moja walianza kususiana. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi. Gari lake halipandwi. Wenye mashamba wakawafukuza wakulima waliokaa humo kwa miaka, kwa kosa la kukipenda chama kingine. La kusikitisha zaidi, wapo waliosusiana hata katika maziko.

Sisi tuliopita chuoni tulifunzwa tungali wadogo kwamba Mwislamu ana haki juu ya Mwislamu mwenziwe: kumrudishia salamu, kumzuru akiugua, kuuitika mwaliko wake, kumwombea rehema apigapo chafya na akamshukuru Mola, na kuisindikiza jeneza yake. Mwalimu hakutwambia kuwa haki hizo husimama msimu wa kura. Basi ni nani aliyetoa fatwa kuwa maiti wa chama kingine hana wa kumzika?

Nchi kubwa, aliyeshindwa huwa yuko mbali, humjui kwa sura wala kwa jina. Kisiwani ni mkweo, ni aliyekufunza alifu, ni mwenye kisima unachoteka maji. Ukimdhulumu kura, kesho mtakutana msikitini, bega kwa bega katika safu moja. Ndiyo maana hisabu ya kura kisiwani yataka insafu zaidi, si pungufu.

Nasi wa pwani ya Kenya tusidhani hayo ni ya ng'ambo. Januari 2001, baada ya maandamano ya kuupinga uchaguzi wa Oktoba 2000, watu wengi waliuawa, wengi wao Pemba, na Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakaja Shimoni. Moto wa jirani ulitua kwenye ufuo wetu.

Dawa nayo ilipatikana, tuseme haki. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikaa kitako wakapatana. Julai 31, 2010, kwa kura ya maoni, asilimia 66 ya wapigaji kura waliikubali serikali ya umoja. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa kubanana: Dkt. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Maalim aliyakubali matokeo, na watu wakalala majumbani mwao. Kumbe yawezekana! Lakini dawa haikudumu. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kabla ya matokeo kukamilika kutangazwa, na ule wa marudio wa Machi 2016 upinzani ukaususia.

Funzo langu ni hili: amani ya kisiwa ina nguzo mbili, na moja haisimami pasi na nyingine. Mwenye kuhisabu asipinde, na mwenye kushindwa asimhame jirani. Anayemhubiria mnyonge subira huku ameshika kalamu ya kupindisha hisabu, huyo hahubiri amani, ahubiri usingizi. Nawaachia ubeti huu:

Kura siku moja huja, jirani wa siku zote,
Maziko hayana hoja, twende tukazike sote,
Hisabu iwe ni moja, isipindwe iwe pete,
Kisiwa ni kama chombo, kizama huzama wote.