Pedali ya Breki Inapozama: Maelezo kwa Wasafiri wa Shinyanga na Geita

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwa gari kwenda Shinyanga, Kahama na Geita, kwa kazi au biashara, wanaombwa kuyazingatia maelezo haya. Kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga ni takriban kilomita 1,000. Gari haiwezi kuhesabiwa nzima kwa safari hiyo eti kwa sababu inasimama vizuri Darajani.

Pedali ikikanyagwa husukuma pistoni ya pampu kuu ya breki, nayo husukuma mafuta katika mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabinyiki, ila upepo hubinyika. Hivyo pedali inayobonyea kama sifongo huonyesha kuwa upepo umeingia. Ile inayozama polepole chini ya mguu, kwa kawaida huonyesha kuwa raba za pampu zimekwisha au pana mahali panapovuja. Dereva akiikanyaga mara mbili tatu ikapanda, hujiona salama. Hakuna kilichopona.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya visiwani haikosi unyevu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa makavu hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubinyika kama upepo. Hapo ndipo mteremko wa Sekenke, baina ya Singida na Igunga, unapoleta mashaka. Anayeteremka kwa kukanyaga breki mfululizo, badala ya kutia gia ndogo, anaweza kufika chini pedali ikiwa haina kitu. Mbele yake ni nchi tambarare hadi Nzega na Tinde, ambako mwendo huongezeka, kisha barabara za vumbi za machimboni, wanakopita malori, baiskeli na ng'ombe. Inafaa mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori lililoripotiwa kukosa breki liligonga magari mengine, na watu 25 wakafariki.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, hairuhusu gari mbovu kutembea barabarani. Hata hivyo, hutokea dereva akaeleza kuwa pedali imelegea, na mkuu wa msafara akajibu kuwa mkutano ni saa nne. Kwa maoni yetu, dereva anayekataa kuondoka kwa sababu hiyo hakuvunja nidhamu, bali ametimiza kazi yake, na mkuu huyo apige simu kueleza kuwa atachelewa.

Pedali ikizama gari ikiwa mwendoni, dereva aikanyage upesi mara kadhaa, ateremshe gia moja moja, na avute breki ya mkono kidogo kidogo. Asizime injini kabla gari haijasimama, kwani usukani huwa mzito na unaweza kujifunga.

Kabla ya kuondoka, zulia la miguuni lifungwe, na chupa za maji ziondolewe mbele ya kiti cha dereva. Chupa moja ikikwama chini ya pedali, breki nzima huwa haina kazi.