Trekta Dogo Chini ya Uluguru

Mpaka baina ya trekta na jembe la mkono, katika wilaya zinazoizunguka milima ya Uluguru, umechorwa na mwinamo wa ardhi kabla ya kuchorwa na mfuko wa mtu, na kila apandaye kutoka Mlali kwenda Mgeta aweza kuuona kwa macho yake. Maana huku chini mashamba ya mahindi na nyanya yamelala bapa, gurudumu lapita pasipo taabu, ilhali kule juu, katika makonde ya kabichi na viazi ya Nyandira, ardhi imesimama kama ukuta, na mkulima hukata ngazi za udongo kwa jembe lake jinsi walivyokata wazee wake. Nayatanguliza haya kwa kuwa wanunuzi wa matrekta madogo, ambao wanazidi kila mwaka, aghalabu huuliza kwanza habari za nguvu za injini, na swali lililostahili kutangulia ni hili: chombo hicho kitapita wapi.

Trekta dogo ninalolikusudia ni lile la magurudumu manne, lenye nguvu za farasi 20 hadi 40, ambalo limekaa katikati ya vyombo viwili vilivyozoeleka. Kwa upande mmoja iko pawatila ya magurudumu mawili, ishikwayo kwa mikono, ambayo tangu ilipotangazwa kaulimbiu ya serikali ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 ilisambazwa mawilayani kwa shangwe kubwa, ikafaa sana katika majaruba ya mpunga ya Mkindo na Dakawa, walakini katika ardhi kavu iliyogandamana ikamtikisa mwenyewe hata mikono ikafa ganzi, na nyingi zikaishia kuvuta tela barabarani. Kwa upande wa pili liko trekta kubwa, Massey Ferguson na wenziwe, ambalo mwenye ekari mbili hulikodi kwa kubembeleza, akaambiwa angoje mpaka mwenye ekari hamsini amalize kulimiwa. Na mvua za masika hazina desturi ya kumngoja mtu. Dereva wa trekta kubwa naye hapendi vishamba, kwa sababu robo ya wakati wake hupotea katika kugeuza, na mafuta mengi huungua katika kusafiri kutoka kishamba hiki hadi kile. Hapo ndipo trekta dogo linapopata nafasi yake halali: hugeuka mahali pembamba, halinywi dizeli nyingi, na mwenyewe hulima siku aitakayo.

Mahali pa kuyatazama matrekta haya yakiwa yamepangwa safu moja ni uwanja wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane ulioko Tungi, Morogoro, kila mwezi wa Agosti, ambapo wauzaji huyaosha na kuyang'arisha, na mnunuzi hupandishwa kitini akashika usukani na kujiona amekwisha kuwa bwana shamba. Ningemshauri ashuke, akauliza maswali yasiyo na fahari: spea zapatikana Msamvu au mpaka Dar es Salaam; chujio la mafuta lauzwa wapi; fundi gani Morogoro amekwisha kuifungua injini ya aina hii. Yako mapya yatokayo India, na yako yaliyotumika Japani, Kubota na Yanmar na Iseki, ambayo ni madhubuti kwa hakika, ila maandishi yote juu ya vishikio na gia ni ya Kijapani, na dereva huyajua kwa kujaribu kimoja kimoja, jambo ambalo lataka uwanja mpana na watoto wakiwa mbali. Fedha ni mlango mwingine mgumu. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo uliundwa mwaka 1994 kwa ajili ya mikopo ya namna hii, lakini mkopeshaji yeyote hutaka dhamana, na ardhi ya Waluguru kwa asili ni ya ukoo, hurithiwa kwa upande wa mama, hata mpwa hawezi kuipeleka kwa mkopeshaji pasipo kauli ya mjomba na wazee. Yamkini ni heri hivyo. Ukoo uliohifadhi shamba lake umewaokoa wengi na madeni.

Trekta limekwisha kununuliwa, kazi ya kulizoea yaanza, na hapa subira hupimwa. Saa 50 za mwanzo, zihesabiwazo na saa iliyo mbele ya dereva, injini mpya haipewi mzigo mzito wala haiachwi kunguruma bure kwa muda mrefu. Zikitimia, oili humwagwa pamoja na chujio lake, hata ikionekana bado safi. Nati za magurudumu hukazwa tena na tena katika siku hizo. Chujio la hewa hutazamwa kila asubuhi, maana vumbi la kiangazi la Morogoro ni adui wa pistoni kupita kazi yenyewe, na dizeli inunuliwayo katika madumu hukosa kuaminika mpaka ipitishwe mahali ambapo maji yatajitenga. Liko jambo la breki, ambalo madereva wa magari hulistaajabia: pedeli ni mbili, ya kushoto na ya kulia, ili trekta ligeuke papo kwa papo mwisho wa mstari, lakini litokapo shambani kuingia barabarani, sharti zifungwe pamoja kwa kitasa chake, ama sivyo mguu mmoja utakapokanyaga ghafla, chombo kitakwenda upande na kupinduka. Shafti ya nyuma izungukayo mizunguko 540 kwa dakika haimpi mtu nafasi ya kujuta ikishika kanzu au khanga. Kifuniko chake kisitolewe kwa kisingizio chochote. Na anayeng'oa kisiki afunge mnyororo chini, kwenye chuma cha kuvutia, kwani ukifungwa juu ya ekseli, magurudumu ya mbele huinuka na trekta humwangukia dereva kwa nyuma.

Mambo haya yaonekana madogo, lakini historia ya nchi hii ina ushahidi wake. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kulima karanga huko Kongwa mwaka 1947, ilikusanya matrekta mabovu yaliyosalia vitani, ikageuza hata vifaru kuwa vyombo vya kufyekea pori, ikakabidhi mitambo hiyo kwa madereva wasiofunzwa vya kutosha na karakana zisizo na spea. Mwaka 1951 shughuli ikavunjwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zikawa zimekwenda na upepo.

Turudi mlimani, kwani hapo ndipo penye ubishi wa kweli. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali hiyo hiyo iliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi yenye kina kuliko ngazi za wazee wao, kuzuia mmomonyoko, na watu wakakataa mpaka ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955 na amri ikaondolewa. Siasa ilikuwamo bila shaka, lakini ilikuwamo pia hoja ya udongo: rutuba ya milima hiyo ni tabaka jembamba la juu, na achimbaye kwa kina huuzika udongo mwema na kuuleta juu ule uliokufa. Plau ya trekta huweza kutenda kosa lilo hilo kwa dakika chache, na rotaveta huweza kuusaga udongo mwekundu ukawa unga, mvua ya kwanza ikauchukua hadi bwawa la Mindu au mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Zaidi ya hayo kuna mgongano ambao muuzaji hautaji. Udongo wa mteremko huhifadhika ukilimwa kwa kukingama, mstari ukikata mteremko. Trekta nalo husalimika likienda moja kwa moja, kupanda na kushuka, kwani likikingama uzito wake huelemea ubavuni na kulipindua, hata kama lina fremu ya chuma na mkanda. Palipo na mwinamo mdogo, mambo mawili haya huafikiana; mwinamo ukizidi, kimoja lazima kiumie, ama ardhi ama dereva, na hapo ndipo nimeuona mpaka niliouzungumzia, wala sioni nguvu ya farasi itakayouhamisha.

Basi mnunuzi wa Mlali au Kiroka, aliyekwisha lima msimu mmoja na sasa ana akiba ya kuongeza kifaa kimoja, hushauriwa anunue haro ya kuvunjia mabonge. Mimi ningenunua tela kwanza. Kulima ni kazi ya majuma machache, masika na vuli, ilhali matofali, mchanga, kuni na magunia ya mahindi husafiri mwaka mzima, na deni la trekta halijui kiangazi. Haro ya kukodi kwa jirani yatosha mpaka hapo deni litakapolipwa.