Reli ya shirika: nani huchukua nini washirika wakikosana?

Watu watatu walionunua jahazi kwa shirika wakikosana, huliuza wakagawana fedha. Reli haiuziki hivyo. Jambo hili lawahusu hata wakazi wa Mbwajumali, kisiwani Pate, ambako garimoshi halijapata kufika. Machi 2, 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua Lamu mradi wa LAPSSET, ambao pamoja na bandari unakusudia reli ya kuziunganisha nchi hizo. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Reli ingali kwenye karatasi.

Afrika Mashariki imewahi kumiliki reli kwa shirika, na ilianza kwa uhasama. Wajerumani walijenga kutoka Tanga kuanzia 1893, Waingereza kutoka Mombasa kuanzia 1896, kila mmoja akiwania mizigo ya bara. Kwa bahati, wote walitumia reli ya upana wa mita moja. Hivyo katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliweza kutandika njia kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, karibu na Moshi, na mwaka 1916 mahasimu wakaunganishwa. Njia hiyo ya vita ilizua ugomvi wa biashara: kahawa ya Kilimanjaro sasa ingeweza kwenda Mombasa, na Tanga ikakosa. Mwaka 1948 reli zote ziliwekwa chini ya shirika moja, makao yake Nairobi.

Kampuni za Marekani zilizoshindana nazo zilimiliki njia pamoja. Huko St. Louis ziliunda shirika lao mwaka 1889, na mwaka 1912 Mahakama ya Juu ikaamuru kampuni nyingine zikubaliwe kwa masharti ya haki. Juu ya washindani wale palikuwa na mahakama yenye nguvu.

Kwetu washirika walikuwa serikali, na mwamuzi wa mwisho alikuwa kikao cha marais. Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao hakikufanyika tena. Mapato ya reli, yaliyopaswa kupelekwa Nairobi, yakaanza kuzuiliwa katika kila nchi. Shirika likavunjika mwaka 1977. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Reli ya Voi na Kahe ilikuwa nzima, ila garimoshi halikuweza kuvuka.

Mgao ulitiwa saini Arusha mwaka 1984: katika mali zote za Jumuiya, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Reli haing'oki, kila nchi ilibaki na iliyo katika ardhi yake. Mali iliyokuwa mikononi mwa Uganda ilipungua fungu lake, ikabidi wenzake wailipe fidia.

Uganda ndiyo pekee kati ya watatu hao isiyo na bahari. Katika LAPSSET, wasio na bahari ni wawili.