Bunduki Inapokataa Kulia

Wasikilizaji, mwishoni mwa Oktoba 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi Misheni likielekea Fife, ng'ambo ya mpaka. Lilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Miongoni mwa silaha zilizokabidhiwa zilikuwamo bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno, yaani za kuteka. Za Kijerumani zilikwisha kutupwa kwa kukosa risasi, na bunduki isiyo na risasi ni rungu tu.

Hata risasi zikiwepo, si zote zilizolia. Mwaka 1915 meli ya Rubens ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa. Nyingi ziliendelea kukataa. Sasa askari aliyevuta kifyatulio akasikia "tik" angejuaje kama mbovu ni risasi au ni bunduki?

Ndani ya bolti mna pini iliyozungukwa na springi. Katika Mauser 98 unapoinua mkono wa bolti ndipo springi inapokazwa. Katika Lee-Enfield ya Kiingereza inakazwa unaposukuma bolti mbele. Kifyatulio kikivutwa, pini huachiwa ikaipiga fataki iliyo kitakoni mwa risasi.

Ikikataa, usifungue haraka. Mtutu uelekee pasipo na mtu, ungoje walau nusu dakika, kwani baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa risasi utazame fataki. Shimo likiwa la kina, pini imefanya kazi yake. Fataki ndiyo iliyokufa. Alama ikiwa hafifu, pini inapiga kwa unyonge: springi imechoka, ncha imelika, au mkono wa bolti haukushuka mpaka mwisho, nguvu ikaishia katika kuufunga. Pasipo alama kabisa, shuku pini iliyovunjika.

Lakini kosa la kawaida ni mafuta mengi! Mtu hudhani anaitunza bunduki, kumbe anafuga vumbi. Mafuta mazito hunasa vumbi la kiangazi, na asubuhi za baridi za Juni na Julai huko Mbozi huzidi kuwa mazito, pini ikaenda kama inayotembea topeni. Tena yakipenya kwenye risasi huiua fataki. Njia ya pini ipanguswe ikauke, ibaki na utando mwembamba tu. Mafuta ya kupikia yasiguse kabisa, kwani yakikauka huwa kama gundi.

Askari wa wanyamapori aliyesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa hana nusu dakika ya kungoja. Kwake yeye kazi hii hufanyika jioni ya kabla ya doria, bunduki ikiwa tupu na risasi zimewekwa mbali. Springi au pini ikionekana mbovu, asiichonge kwa tupa nyumbani. Ampelekee fundi mwenye kibali, amweleze alama aliyoiona kwenye fataki.